Geti linafunguka lakini halifungi: kagua waya kabla ya kulaumu mota

Kabla ya kushika waya wowote, lisukume geti kwa mkono. Geti la kuteleza lenye magurudumu mazima na reli iliyonyooka husogea bila kukazana, na ukiliachia katikati linatulia papo hapo. Likikwama, au likijiendea lenyewe kufuata mteremko, mwite kwanza fundi wa kuchomelea, maana mota haitibu reli iliyopinda. Hakikisha pia pande zote mbili za reli zina stopa za chuma. Siku swichi ya kikomo, ile inayosimamisha mota geti likifika mwisho, itakapogoma na stopa hakuna, geti zima litatoka relini na kumwangukia aliye karibu.

Chimba mtaro kabla ya kumwaga zege la kukalisha mota, kina cha sentimita 50 hivi mahali panapopita magari. Laza paipu mbili: moja ya umeme wa volti 230, nyingine ya nyaya ndogo za macho ya usalama (vihisi vya mwale vinavyoona mtu njiani), swichi na kengele. Ukizichanganya, waya mkubwa unausumbua mdogo na geti linaweza kujifungua usiku bila amri ya mtu. Na ganda likichunika, volti 230 zinaingia moja kwa moja kwenye bodi ya volti 24 inayoongoza mota. Midomo ya paipu ichomoze sentimita 3 hadi 5 juu ya zege ili maji ya mvua yasiingie, na kila waya ubaki na ziada ya nusu mita.

Kwa mota ya kawaida ya nyumbani, kebo ya nyuzi tatu ya milimita 1.5 za mraba inatosha. Wengi hupenda 2.5, na umbali ukizidi mita 30 wako sahihi. Itoe kwenye bodi kuu ya nyumba, na breka yake yenyewe ya ampea 10 na kinga ya kuvuja kwa umeme ya miliampea 30. Usiibe moto kwenye taa ya getini. Na ethi, waya wa ardhini, ifungwe, hata kama mwenye nyumba anaona ni gharama ya bure.

Reki ya meno, ile iliyofungwa kwenye geti na kusukumwa na gia ya mota, iache upenyo wa milimita 1 hadi 2 juu ya gia. Kadi mbili kuukuu za benki zikibanwa pamoja ni kipimo kizuri; zipitishe kuanzia mwanzo wa reki hadi mwisho. Uzito wa geti ukikaa juu ya gia, shafti ya mota haidumu.

Sasa macho ya usalama, ndipo simu nyingi za malalamiko zinapotoka. Jicho linalotuma lina nyaya mbili tu, za umeme. Linalopokea lina nne: mbili za umeme, na mbili zinazokwenda kwenye vituo vya COM (cha pamoja) na NC (kinachokaa kimefunga). Mguso wa NC unakuwa umefunga wakati wote njia ikiwa wazi, na mtu akikatiza, unaachia. Kwa hiyo waya uliokatika, buibui aliyetanda au jicho lililopinda kidogo, bodi inavisoma kama mtu aliyesimama njiani: geti linafunguka vizuri, kufunga linakataa. Ukiwa na jozi mbili za macho, ziunganishe kwa mfululizo, na kwenye jozi ya pili geuza mtumaji na mpokeaji ili miale isiingiliane. Kama huna macho kabisa, bodi nyingi hudai kipande cha waya kati ya COM na NC. Fundi akikuwekea kipande hicho huku macho yapo ukutani, amekuwekea pambo. Swichi ya kubonyeza ni kinyume: ni NO, yaani mguso unakaa wazi mpaka uibonyeze.

Jaribio la kwanza lifanye geti likiwa katikati ya safari, ili likienda upande usiotarajiwa upate muda wa kuzima. Likienda kinyume, geuza nyaya za mota pamoja na za swichi za kikomo; ukigeuza za mota peke yake, kikomo hakitalisimamisha. Kisha simamisha ubao njiani na uone kama geti linarudi. Lisiporudi, punguza nguvu kwenye bodi.

Antena ya rimoti ya 433.92 MHz ni waya wa sentimita 17 hivi: usiukate, usiukunje. Mwisho kabisa, ziba midomo ya paipu kwa silikoni, kwa kuwa sisimizi na mijusi hupenda joto la bodi, na mjusi mmoja akilala juu ya vituo viwili vya nyaya, bodi imekwenda.

Umeme ukiwa wa kukatika-katika, chagua mota ya volti 24 yenye betri mbili za 12V 7Ah. Hata hivyo betri huchoka, kwa hiyo ufunguo wa kuachia mota, ili geti lisukumwe kwa mkono, akabidhiwe mlinzi, naye aonyeshwe kuutumia, na aujaribu mwenyewe kabla fundi hajaondoka.