Maswali ya Wasomaji: Antena ya Redio kwenye Gari la Porini

SWALI: Nina Land Cruiser pikapu inayozunguka kati ya Mafinga, mashamba ya chai ya Mufindi na Hifadhi ya Ruaha. Redio ni ya VHF, wati 25, masafa ya megahezi 155. Antena ina urefu wa mita na ushee, nimeifunga kwenye ngao ya bampa la mbele. Nikiwa nimeelekea upande mmoja mwenzangu ananisikia vizuri, nikigeuza gari ananipoteza. Fundi anasema ninunue ndefu zaidi. Nifuate ushauri wake?
*Msomaji, Mafinga*

JIBU: Hapana, hela hiyo weka mafuta. Urefu wa antena huamuliwa na masafa, na hiyo uliyonayo inatosha kabisa. Tatizo ni mahali ilipo. Bati la gari lililo chini ya antena ni nusu ya antena yenyewe, na kwenye ngao bati hilo liko upande mmoja tu. Isitoshe, kabini imesimama mbele ya mawimbi kama ukuta.

Ihamishie katikati ya paa la kabini. Ukitaka fupi zaidi, kwa masafa yako antena ya robo wimbi, yaani yenye urefu wa robo ya wimbi moja la redio, inatosha: gawanya 7,125 kwa megahezi, jibu ni sentimita. Yaani 7,125 kwa 155, kama sentimita 46. Fupi hivyo haitang'ang'aniwa na matawi ya miombo kila dakika. Hakikisha bati limetanda karibu kiasi hichohicho kuizunguka pande zote.

Watu wengi huogopa kutoboa paa. Kitako cha antena kinachofungwa kwa kutoboa kinataka tundu la milimita 19 tu, na kikifungwa vizuri hakivuji. Shusha kwanza nguo ya dari uone mihimili ya paa ilipo, uikwepe. Toboa kwa kikombe cha msumeno kinachofungwa kwenye drili (hole saw), usilazimishe biti ya kawaida, maana bati litapinda na mpira wa kuzuia maji hautakaa. Kwa chini, kwangua rangi kuzunguka tundu mpaka bati ling'ae, kwa sababu hapo ndipo kitako kinashika bodi. Juu usikwangue kitu: rangi na mpira ndivyo vinavyozuia kutu.

Kutoka redio hadi antena tumia waya wa RG-58 wa omu 50. Waya wa televisheni ni wa omu 75, usikubali kuuziwa huo hata kama plagi inaingia. Upitishe kwenye nguzo ya nyuma ya mlango bila kuubana wala kuukunja kwa pembe kali. Mita 5 za RG-58 hula karibu sehemu moja ya tano ya nguvu yako, kwa hiyo unaobaki ukate, usiuviringishe chini ya kiti.

Mwisho ni kupima kwa mita ya SWR, kipimo kinachoonyesha nguvu inayorudi kwenye redio badala ya kutoka kwenye antena, gari likiwa mahali pa wazi, milango imefungwa, na hakuna mtu anayegusa antena. Chini ya 1.5 ni safi. Ikifika 3, redio nyingi hujipunguzia nguvu, na zisizo na kinga hiyo huweza kuungua. Pima masafa ya chini kidogo na ya juu kidogo ya yako. SWR ikiwa nzuri zaidi kule chini, antena ni ndefu: kata milimita 3, upime tena. Ikiwa nzuri zaidi kule juu, ni fupi, na ukishakata huwezi kurudisha, kwa hiyo anza na sentimita 49.

SWALI: Defender yangu, antena iko kwenye keria. Kiangazi SWR ilikuwa 1.4, mvua za Novemba zilipoanza imepanda hadi 3. Nimejaribu ya sumaku, haishiki.
*Msomaji, Mbeya*

JIBU: Sumaku haishiki kwa sababu paa la Defender ni aluminiamu. Kuhusu SWR, fungua plagi iliyo upande wa antena. Ukikuta wavu wa shaba umekuwa mweusi, maji yameingia na kutambaa ndani ya waya. Kata mpaka uone shaba inayong'aa. Usipoiona ndani ya sentimita 30, badilisha waya wote. Baada ya hapo funga plagi kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na uache waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia ndani ili matone yadondoke hapo.

Kagua pia keria. Ikiwa imepakwa rangi na imekalia mipira, haijagusana na bodi hata kidogo. Unganisha kitako na bodi kwa mkanda mfupi wa shaba, ukiwa umekwangua rangi pande zote mbili na kupaka grisi. Shaba au chuma kikikutana na aluminiamu kwenye unyevu, aluminiamu huliwa, na muungano huo utakufa bila wewe kuona. Ukague kila mwanzo wa mvua.

SWALI: Niko Makete, mabonde tupu. Nikibadilisha redio ya wati 25 kwa ya wati 50 nitavuka mlima?
*Msomaji, Makete*

JIBU: Hutavuka. VHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na mlima haujali wati zako. Tofauti ya 25 na 50 ni ndogo, itakusaidia pale tu ambapo tayari ulikuwa unasikika kwa shida. Panda kwenye ukingo kabla ya kuita, au mkubaliane na wenzako kuweka kileleni kituo kinachopokea sauti na kuirusha upya, ambacho masafa yake huombewa kibali TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.