Vanishi ya meza haifai barazani

SWALI: Shikamoo Fundi. Tumejenga baraza ya mbao nyuma ya nyumba, inatazama ziwa. Mbao ni msonobari uliotiwa dawa, bado una ukijani. Fundi anataka apige vanishi wiki hii hii ing'ae. Baba watoto anataka rangi nzito ya kahawia isiyoonyesha tope. Mimi nataka mbao ionekane ni mbao. Vuli inakaribia. Nimsikilize nani?
Mama Pacha, Luchelele

JIBU: Marahaba, mama. Wewe ndiye uliye karibu na ukweli, ila mbao yenyewe huenda bado haiko tayari.

Vanishi ya meza ni utando unaokaa juu. Sebuleni inadumu. Barazani jua letu la karibu na ikweta linaipasua, maji yanaingia kwenye nyufa, yanakosa pa kutokea, na sakafu inaanza kubanduka magamba kama sato. Huwezi kuziba viraka hapo, unakwangua yote. Rangi nzito nayo hubanduka hivyo hivyo inapokanyagwa na kulowa. Lakini kwenye nguzo na kingo sina ugomvi nayo. Mpe mzee hizo apake, nyumba ipate amani.

Wewe nunua steni ya mafuta, ile inayopenya ndani ya mbao, yenye rangi kiasi. Hakikisha kopo limeandikwa kuwa ni ya nje na inafaa sakafu. Isiyo na rangi kabisa iache dukani hata muuzaji akiisifia: chembe za rangi ndizo zinazokinga jua, na bila hizo mbao inageuka kijivu upesi.

Sasa subira. Msonobari wa dawa mara nyingi huuzwa ukiwa umelowa hadi ndani. Nyunyizia matone ya maji sehemu kadhaa. Yakibaki yameduara juu, ngoja. Yakinywewa ndani ya dakika kumi hivi, anza. Hilo laweza kuchukua wiki, hata miezi, na vuli ikikuwahi, iache inyeshewe tu. Ile dawa ipo kwa kazi hiyo. Utaiosha, ikauke, ndipo upake kiangazi. Kupaka haraka ili kuiwahi mvua ni kutupa hela ziwani.

Mbao iliyopigwa randa ya mashine huwa laini mno, haishiki. Pitisha msasa namba 60 au 80, usizidi hapo. Vaa barakoa, kwani baadhi ya dawa hizo zina arseniki. Kwa sababu hiyo hiyo, vipande vilivyobaki visiende jikoni. Najua kuni ni ghali, lakini usipikie.

Siku ya kupaka, makopo yote yamimine kwenye ndoo moja ili rangi isitofautiane, na koroga mara kwa mara. Chukua ubao mmoja au miwili, uende nayo kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuishia katikati, la sivyo itabaki mistari. Ncha zilizokatwa zipake mara mbili, ndiko maji yanakoingilia. Fanya kazi kivulini, asubuhi, umande ukishakauka. Jioni zima taa ya barazani: wale wadudu wadogo wa ziwani wakifuata mwanga watanasa kwenye mafuta mabichi, na utakuwa na sakafu yenye manyoya.

SWALI: Nimepaka steni ya mafuta makoti matatu kwenye mkongo, wiki ya pili sasa bado inanata. Tatizo ni nini?
Msomaji, Igombe

JIBU: Mkongo ni mgumu, haunywi mengi. Koti moja jembamba lingetosha, kisha baada ya dakika 15 hivi unafuta yaliyobaki juu. Sasa lowesha kitambaa kwa thina, usugue taratibu hadi unato uishe, sigara na jiko vikiwa mbali. Matambara ukimaliza usiyarundike pembeni: mafuta yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Yaloweke kwenye ndoo ya maji, au uyatandaze moja moja nje hadi yakakamae.