Fundi Ijumaa ameniachia kabati lisilo na milango

Shikamoo Shangazi. Baba yetu alifariki mwezi uliopita. Alikuwa seremala Keko kwa miaka 34, wateja wakimwita Fundi Ijumaa kwa sababu kila kazi aliahidi Ijumaa, ila Ijumaa ipi hakusema. Siku ya mazishi kaka alisoma wasifu: kuzaliwa, shule, ndoa, watoto, kuugua. Uliisha watu hawajakaa vizuri. Sasa nimepewa mimi kuandika neno la ibada ya siku 40. Kila nikishika kalamu naandika "alikuwa mpole, mchapakazi na mcha Mungu", nafuta. Baba hakuwa muongeaji. Alitoka kazini, akaoga vumbi, akakaa na sisi mpaka tulale. Nyumbani vitu vyote ni vya mkono wake, hadi mbuzi ya nazi ya mama. Vipimo vya kazi aliviandika kwa penseli kwenye ukuta wa karakana, na jina la mteja na alicholipa. Hata mimi nipo: kabati la mninga, futi 6 kwa 4, milango 3. Mbele yake hakuandika kitu. Aliniahidi nilipoolewa, miaka 6 iliyopita, na mpaka leo limesimama pale bila milango. Kaka zangu wanataka kuuza vyote vya karakana wajengee kaburi kwa vigae. Yupo pia kijana wake wa kazi, aliyefanya naye miaka 9, hawamtaki. Mwenye fremu ya karakana anaitaka fremu yake tarehe 30. Mama hasemi kitu. Na mimi, Shangazi, nimemkasirikia marehemu kwa ajili ya kabati, naona aibu. Nifanyeje?
Binti wa Fundi, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na hiyo hasira, maana umeificha mwisho wa barua. Aliyeahidiwa kabati akasubiri miaka 6 ana haki ya kununa, hata kama fundi ni baba yake, hata kama fundi ameshazikwa. Mimi niliwahi kusubiri meza ya chakula miezi mitano, kila nikipiga simu naambiwa "imebaki vanishi tu, Shangazi". Siku meza ilipoingia ndani nilikuwa na maneno makali nimeyapanga kama vyombo kabatini. Nikaipapasa, nikaanza kuulizia viti. Kwa hiyo nuna. Wala usimtoe Fundi Ijumaa kwenye hilo neno lako eti kwa kuwa ni kanisani. Wateja wake watakuwa wamekaa mbele yako, na nusu yao waliwahi kuondoka pale Keko wakisonya. Ukiwasomea habari za mtu mpole mchapakazi watadhani wamekosea ibada.

Wasifu wa kaka yako haukuwa na kosa. Ulisema tarehe, ukataja ndugu, ukakaa. Shida yake ni kwamba ungeweza kusomwa kwa dereva, kwa karani, kwa mtu yeyote aliyezaliwa akasoma akaoa. Wako usianze na kuzaliwa. Anza karakana.

Na hili ni la haraka kuliko yote uliyoniuliza: kesho asubuhi nenda na simu na daftari. Upige picha ukuta wote, kipande kwa kipande, mlango ukiwa wazi ili mwanga uingie na penseli ionekane. Kisha kaa chini unakili kwa mkono, jina kwa jina. Mwenye fremu akishapitisha brashi ya chokaa, miaka 34 imekwenda. Wewe unasema baba hakuwa muongeaji, na huku aliandika kila siku.

Ukinakili utaona mambo. Utaona msimu wa vitanda vya dabo deka, watoto wanapokwenda bweni. Utaona nani aliagiza kitanda tano kwa sita, na baada ya miaka kadhaa, kwa jina lilelile, kitanda cha mtoto. Utakuta pengine na kazi isiyo na bei. Maseremala niliowafahamu wote walikuwa nazo, na mara nyingi lilikuwa jeneza dogo. Chagua wateja watatu au wanne, uende kwao kabla ya ibada. Usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani, watakujibu "mzee alikuwa mtu wa watu" na hapo umekwama. Omba wakuonyeshe kitu alichowatengenezea. Kigeuze, uangalie chini. Ulimi wa mbao ukikaa sawasawa ndani ya tundu lake, kitanda hakilii hata baada ya miaka 20. Na katika nyumba za kupanga, mwanangu, ambako ukuta mmoja ni wenu na jirani, kitanda kisicholia ni heshima kubwa. Kanisani hilo utalisema kwa staha yake, lakini ulitie. Wazee watakuelewa.

Mama naye usimwambie akusimulie habari za baba. Mtu aliyefiwa na mume juzi ukimpa swali pana kama uwanja atanyamaza tu. Mkute anakuna nazi, umuulize hiyo mbuzi anayoikalia ilichongwa mwaka gani na kwa mti gani. Basi. Halafu menya vitunguu, usubiri.

Sasa kaka zako. Zile randa, misumeno na mashine ni mali ya marehemu sawasawa na kiwanja, na hakuna wa kuuza hata patasi kabla msimamizi wa mirathi hajateuliwa. Kaeni kikao cha familia, muandike muhtasari, mchukue cheti cha kifo RITA, mwende mahakamani. Msimamizi akishapatikana, madeni ndiyo ya kwanza, urithi baadaye. Na orodha ya madeni unayo wewe, iko ukutani. Kila aliyeandikwa "kalipa nusu" na kazi yake haikutoka, huyo anamdai baba yako. Vigae vya kaburi vitasubiri, kitanda cha watu kitangulie. Waambie hivyo, na kama wanahitaji wa kumlaumu wanilaumu mimi.

Mashine ya kuranda ina bei, iuzwe ikibidi kulipa. Vya mkono ni jambo jingine. Patasi ambayo mpini wake umelika kufuata dole gumba la baba yenu, sokoni itapimwa kama chuma chakavu. Kijana aliyeishika miaka 9 anajua thamani yake, na mngekubaliana kwenye kikao akabidhiwe yeye, kwa maandishi, mbele ya mama. Kaka zako hawamtaki, sawa, hawalazimiki kumpenda. Lakini mwambie huyo kijana avuke hapo jirani, chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, aulizie utaratibu wa kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Anapimwa alichojua kwa baba yako, akifaulu anapata cheti bila kuanza darasani upya.

Limebaki kabati. Umesema ni la mninga. Ule mti ukikatwa unatoa utomvu mwekundu kama damu, lakini mbao zake zikishakauka zimetulia, hazipindi ovyo, ndiyo maana mafundi wa zamani waliuamini kwa milango. Kwa hiyo kabati lako halijaharibika kwa kusubiri. Mninga wa Tabora siku hizi ni ghali, na mtu atakushauri umalizie na paini ya Mufindi kisha upake rangi. Usikubali upesi. Seremala makini hununua mbao za kazi nzima kwa mkupuo mmoja ili rangi zilingane, na za milango huziweka pembeni zikauke zaidi. Tafuta juu, kwenye mapao, na nyuma ya marundo, mahali ambapo mtu anayefagia maranda hafiki. Sikuahidi utazikuta. Ila kama zipo, ziko ndani ya hivyo "vyote vya karakana" ambavyo kaka zako wanataka kuviuza, na wao watazihesabu kama mbao tu. Kwa hiyo liseme na kabati kwenye kikao, mapema, lisije likaondoka na marundo.

Mkikubaliana na zikionekana, mpe kijana azifanye, umlipe. Akikuambia uje Ijumaa, muulize ipi. Vipimo anavyo: futi 6 kwa 4, milango 3. Vinakili navyo kabla ya tarehe 30, na pale mbele, ambapo wenzako wote wameandikiwa walicholipa, paache wazi kama alivyopaacha.