Watoto wa sungura wanakufa nikishawatenga na mama

SWALI: Habari za kazi. Nafuga sungura huku Usa River, Arusha. Watoto wakinyonya wananona vizuri tu, nikiwatenga na mama wakiwa na mwezi mmoja, wiki haiishi tumbo linavimba, wanaharisha, asubuhi nakuta mmoja au wawili wamekufa. Nawapa pumba za mahindi na kabichi, wanalala chini kwenye maranda. Jirani kaniambia niwape amoxicillin, je ni sawa?

JIBU: Hapana ndugu yangu, hiyo usiwape kabisa! Sungura akiimeza inaua bakteria wazuri wanaomsaidia kusaga nyasi, na badala ya kupona anakufa haraka zaidi. Wauza dawa wengi hawalijui hili.

Hizo dalili zinafanana sana na koksidia, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, na watoto waliotoka kunyonya ndo inawapata zaidi. Peleka kinyesi kwa daktari wa mifugo kipimwe kwenye hadubini, ikiwa ndo yenyewe atakupa dawa za salfa au amprolium. Ila dawa bila kubadili sakafu unamwaga hela tu, maana vimelea vinatoka na kinyesi, vikikaa kwenye unyevu siku chache vinaiva, mtoto analamba mguu wake anavimeza tena, na hayo maranda yaliyolowa mkojo ndo yanavilea. Jenga kizimba kilichoinuliwa, sakafu ya wavu wenye matundu ya nusu inchi kwa inchi moja, kinyesi kinadondoka chini na mguu hauzami, halafu weka kibao kikavu cha kulalia. Zuia mvua na upepo wa moja kwa moja lakini usizibe kila upande, ukiinama bandani harufu ya mkojo ikakuwasha macho, wao wana hali mbaya zaidi.

Chakula sasa. Pumba punguza sana, wanga mwingi unachacha kwenye tumbo changa, na kabichi acha kwanza. Nyasi kavu ziwepo usiku na mchana, na maji safi. Majani mabichi yaache yanyauke kidogo, anza na machache.

Na mwezi mmoja ni mapema, subiri wiki ya 6. Ikifika mtoe mama, watoto wabaki palepale na chakula kilekile kama wiki hivi, wewe unawabadilishia mama, banda na chakula siku moja, watahimili vipi? Aliyeanza kuharisha mtenge leo leo, mpe nyasi kavu na maji tu mpaka daktari amuone.