Re: Kubomoa hospitali ya zamani katikati ya makazi

Mkuu, umeuliza kama ekskaveta ianze tu kugonga jengo hilo la ghorofa hapo mtaani kwenu Mwanza. Hapana, anzeni na paa. Majengo mengi ya zamani yana mabati ya asbesto, yale ya kijivu yanayovunjika kama biskuti. Yaloweshwe, yashushwe mazima, yafungwe kwenye nailoni nene. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu, na upepo wa ziwa mchana utalileta hadi vyumbani mwenu. Chumba cha eksirei nacho mara nyingi kina risasi ukutani (ile metali yenye sumu, siyo ya bunduki). TANESCO (umeme) na MWAUWASA (mamlaka ya maji Mwanza) wakate laini zao mapema. Halafu ndiyo kubomoa, juu kwenda chini, maji yakimwagwa muda wote. Na mkandarasi awaonyeshe kibali cha halmashauri, siyo maneno.