Video umekonveti, sauti imegoma: majibu ya maswali yenu

Kaka wa Sakina, Arusha: Nimekonveti muvi ya MKV iwe MP4 (aina mbili za faili za video) niangalizie kwenye simu, muziki unapiga fresh ila wakianza kuongea siwasikii mpaka niweke sikio kwenye spika. Simu imekufa?

Simu yako nzima. Muvi nyingi za hivyo sauti yake ni chaneli sita, ile 5.1, na maongezi karibu yote yamewekwa chaneli ya katikati, sasa ukiibana iwe stirio, yaani chaneli mbili, programu inaishusha ili zikichanganywa zisipasuke, ndo maana wanakunong'oneza. Kwenye HandBrake, programu ya kukonveti video, ingia Audio, tafuta palipoandikwa Gain, ndo pa kuongezea sauti, uweke 6, hizo ni desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, 6 tu zinakuza mawimbi mara mbili. Usirukie 15 bana, itapasuka na ikishapasuka humo ndani ya faili huitoi tena. Kama sauti ni AC3, aina mojawapo ya sauti za muvi, mimi naanza na DRC hapohapo pembeni, naweka 2 hivi, inanyanyua minong'ono na kutuliza milipuko.

Dada wa Majengo, Moshi: Nimerekodi kipaimara Marangu kwa simu, nikiingiza kwenye kompyuta nikate mwanzoni mdomo na sauti viko sawa, ila askofu akifika kwenye mahubiri haviendani kabisa. Nimesogeza sauti kwa mkono nimechoka.

Acha kusogeza, utakesha. Kasoro inayozidi kadiri video inavyoenda mara nyingi ni fremu, zile picha mojamoja zinazounda video, simu haishiki fremu 30 kila sekunde, kanisani kukiwa na giza inashusha, mkitoka juani inapandisha, alafu programu ya kukatia inazihesabu kama zote ziko sawa. Chukua ile orijino uipitishe HandBrake kwanza, upande wa Video weka 30 na uchague Constant Framerate, yaani fremu zisipande wala kushuka, inayotoka ndo ukate.

Usa River: Yangu sauti inachelewa nusu sekunde tu, mwanzo mpaka mwisho. Nikonveti upya?

Wala. Kwenye VLC, programu ya kuangalizia video, ya kompyuta ya Windows bonyeza J, kila mbonyezo unawahisha sauti milisekunde 50, kwa hiyo kama mara kumi hivi, ukipitiliza rudi na K. Ukitaka ikae moja kwa moja tumia MKVToolNix, programu ya kupanga upya faili za MKV, kwenye Delay ya sauti andika -500, haikonveti kitu, dakika chache imeisha.

Kijenge: VLC nikipandisha sauti inasikika, flashi nikichomeka kwenye TV inasikika kwa mbali sana.

VLC inakuza masikioni kwako tu, faili haijaguswa. Rudi kwa jibu la kaka wa Sakina hapo juu.