Glavu Hazipandi Nguzo

Kila darasa jipya la dansi ya nguzo likianza hapa Kisumu, ikifika wiki ya pili ni lazima mtu aingie na glavu mpya, bado zina karatasi ya duka, na uso wa mtu aliyemaliza shida zake zote. Anazivaa, anakaza velkro mpaka vidole vinabadilika rangi, anarukia nguzo, anateleza vilevile. Kisha ananigeukia mimi kana kwamba ndimi niliyemuuzia.

Wapendwa wangu, sikuwauzia. Nawapenda na nafurahi mmekuja, maana kuna watu wengi walioahidi kuja tangu Januari na bado wanatuma emoji tu. Lakini nimechoka kusema maneno yaleyale kila Jumamosi, basi nayaandika. Spini (nguzo inayozunguka) na statiki (nguzo iliyofungwa) mnazijua, kupanda na kuketi mmeshafundishwa, kwa hiyo sianzi na a-e-i-o-u.

1. Jua kwanza kinachokutelezesha.

Mtu huteleza kwa jasho, kwa ukavu, kwa mafuta, au kwa sababu mkono wake bado hauna nguvu. Katika hayo manne glavu hutibu la kwanza, na hapo ni jasho la viganja tu. Sisi wa Kisumu tuko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, ziwa liko hapo chini linatutumia unyevu, na darasa la saa tisa alasiri mabati yanalia juu ya vichwa vyetu. Hapa adui ni jasho. Nenda Nakuru, mita 1,850 hivi, asubuhi ya Julai, na utakuta kinyume chake: chuma baridi, ngozi imekauka, na mtu ambaye hana hata tone la jasho anashuka kwa kasi. Ngozi inataka joto na unyevu kidogo ndipo ishike. Ndiyo maana wenzetu wa kule huisugua nguzo kwanza ipate moto.

Kwa hiyo mwenye jasho atafute cha kukausha, kama chaki ya maji, na mwenye ngozi kavu atafute cha kunata. Wageni wangu hufanya kinyume. Viganja vinatiririka, naye anapaka cha kunata juu yake, anapata uji. Baada ya hapo anavaa glavu juu ya huo uji.

2. Mafuta.

Siku ya darasa usijipake chochote tangu asubuhi. Arimis, vaselini, losheni, mafuta ya nazi, hata ile krimu unayosema hainaga mafuta. Najua ulilelewa ukijua kwamba kutoka nyumbani na magoti meupe ni kuaibisha ukoo. Njoo na magoti meupe. Hapa wote tunayo. Na aliyekula ngege wa kukaanga kwa mkono mchana aoshe kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kwa sababu mafuta yako hayabaki kwako: yanahamia kwenye nguzo, yanaingia kwenye glavu za mwenzako, na glavu ikishanywa mafuta haitakusamehe upesi.

Tukiwa hapo niwape kisa cha nguzo ya katikati. Kuna kipindi ilitutesa sana. Tunaifuta kwa spiriti ya duka la dawa, inateleza. Tunaifuta zaidi, inateleza zaidi. Kuna aliyeanza kusema kuna mtu ameifanyia kitu. Mwanafunzi wetu mmoja anayefanya kazi ya famasia ndiye aliyegeuza chupa, akasoma maandishi madogo, akacheka mpaka akakaa chini. Spiriti ya kupaka ngozi ikitengenezwa kwa fomyula ya Kiingereza huwa imetiwa mafuta ya mbarika. Sasa, India wana mchezo wao wa nguzo ya mbao unaoitwa mallakhamb, mchezo wa zamani kuliko huu wetu, na wao huipaka nguzo mafuta hayohayo ya mbarika kwa makusudi, ili msuguano upungue na ngozi isichunike. Kumbe muda wote huo tulikuwa tukicheza mallakhamb kwenye nguzo ya kromu, na lawama tunazitupia glavu. Nunueni alkoholi ya isopropili, ile ya asilimia 70 inatosha, na kitambaa cha maikrofaiba. Someni lebo.

3. Glavu ni zipi.

Za kunyanyulia vyuma si hizi. Za baiskeli si hizi. Zile nzuri ulizookota soko la Kibuye kwenye mitumba, zenye sponji kiganjani, si hizi, na zile za mwanaboda wako si hizi kabisa. Sponji hiyo huviringika kati ya kiganja na chuma, mshiko unakwenda na sponji. Glavu za nguzo ni nyembamba, hazina ncha za vidole, na ziko za aina mbili: zilizo na vipande vya kunata kiganjani, na zisizo navyo. Mgeni akitaka lazima kununua, aanze na zisizonata. Zikubane. Ikiwa ukikunja ngumi kitambaa kinafanya makunyanzi, ni kubwa. Na kumbuka nguzo yetu ya dirishani ni ya milimita 50 wakati zile nyingine ni za 45. Mwenye kiganja kidogo akiongeza unene wa glavu juu ya ile ya 50, vidole havikutani tena.

4. Glavu za kunata na nguzo iliyofungwa.

Hapa naomba mtulie, kwa sababu Jumamosi nimemwona mmoja wenu akitaka kufanya kitu hikihiki, na nilipiga kelele mpaka walinzi wa chini wakapanda.

Zangu za kunata zilipofika nilizipenda mno. Kwa mtu wa viganja vya jasho kama mimi, mara ya kwanza kuzivaa ni siku ya ukombozi. Unashika, unashikika. Nikazivaa kwa kila kitu, kupanda, kuketi, kuning'inia. Wakati huo nilikuwa nafanya spini karibu siku zote, na nguzo yangu nilijua iko spini kama ninavyojua mlango wa nyumba yangu unafunguka kwa ndani.

Jioni moja wageni wamekaa chini ukutani, wapya kabisa, na mimi natakiwa kuwaonyesha fayamani. Ni mzunguko wa kwanza kabisa, kila mtu anaujua. Ningeweza kuuonyesha taratibu. Lakini kulikuwa na macho, na mimi macho huniharibu. Nikasema, "Tazameni mguu wa nje." Nikachukua hatua mbili za nguvu, nikajirusha, nikafunga magoti.

Aliyetangulia kutumia nguzo ile alikuwa ameifunga kwa ufunguo wa alenki. Ilikuwa statiki. Kwenye statiki, mkono ndio unaozunguka: lazima kiganja kiteleze kidogo juu ya chuma huku mwili ukienda. Viganja vyangu vilikuwa vimegandishwa kwa vile vipande, tena vimeshapata joto, na joto ndilo linalovifanya vinate zaidi. Mwili ukaenda. Mikono ikabaki. Kati ya hivyo viwili kulikuwa na kifundo changu cha mkono wa kulia, nacho kilisema kitu, sauti ndogo kavu, niliyoisikia mimi na yule aliyekaa karibu, kwa sababu nilimwona akifumba macho.

Sikuanguka. Afadhali ningeanguka. Nilitua kwa miguu, nikawageukia, nikasema kwa sauti ya mwalimu, "Hivyo ndivyo msivyotakiwa kufanya." Wakaandika! Kuna mmoja alikuwa na daftari. Nikaendelea na darasa lote nikielekeza kwa kidevu na mkono wa kushoto, huku ule wa kulia nimeuficha nyuma na glavu yake, kwa kuwa nilijaribu kuivua nikaona nyota.

Kwenye tuktuk nilishindwa kutoa nauli mfukoni, dereva akaichukua mwenyewe. Ugali wa usiku huo alisonga jirani. Mama alipopiga simu nikamwambia nimeteleza bafuni. Hospitali ilikuwa ngumu zaidi. Daktari aliuliza nimeumiaje. Nikasema mazoezi. Mazoezi gani? Ya nguzo. Akanyamaza, akanitazama kwa upole mwingi, nami nikaona kwa herufi kubwa akiandika ANGUKA. Picha haikuonyesha mfupa kuvunjika. Ni kano, akasema, pumzisha.

Hapo ndipo nilipofanya upumbavu wenyewe, maana wa kwanza unaweza kuuita ajali. Glavu zile zina mkanda mpana kwenye kifundo. Nikagundua kwamba nikiukaza sana, maumivu yanapungua. Kwa hiyo nikarudi mapema, nimekaza, najisikia mzima. Mkanda ulikuwa unanishikia kifundo wakati mimi naendelea kukitafuna. Halafu kwa kuwa najua kifundo ni kibovu, nikawa nabana nguzo kwa vidole kwa nguvu ya kupita kiasi, na kiwiko upande wa ndani nacho kikaanza. Ile kano ingetulia mapema. Mimi niliibeba mpaka mvua za masika zikaisha. Mpaka leo nikifungua mtungi wa asali nautazama kwanza.

Sasa sikilizeni. Kabla hujagusa nguzo kwa mwili, ishike kwa vidole viwili uizungushe. Ikizunguka ni spini, ikikataa ni statiki. Ni sekunde mbili. Na kwenye statiki, mizunguko yote, glavu za kunata ziko kwenye begi. Kupanda, zivae ukitaka. Kifundo kikiuma, usikifunge urudi; kaa nyumbani uangalie wenzako kwenye video.

5. Glavu haina paja.

Ukigeuka kichwa chini, kinachokushikilia ni miguu, na kwenye miguu hakuna glavu. Mnakuja na taitsi ndefu za kung'aa, mkononi mmejikinga kila kitu, halafu mnataka kufanya inveti. Kitambaa kinateleza, ngozi inashika. Ndiyo sababu ya kaptura fupi, wala si mambo yale wanayodhani vijana wa stendi pale nje. Pazia tumeziweka kwa ajili yao. Vaa suruali pana juu, ivue ukifika, ivae ukitoka, shangazi yako hatajua. Na inveti ya kwanza ni ya mikono mitupu, godoro chini, mimi pembeni. Hilo silijadili.

6. Nusu saa ya kwanza bila glavu.

Mkono unaotegemea glavu haukui. Tuna dada mmoja hapa ambaye maji yao hukatika kila mara, hubeba mitungi ya lita 20 kupanda orofa ya nne, mkono huu na mkono huu. Siku yake ya kwanza alipanda hadi darini bila chaki, bila glavu, bila kuuliza, kisha akatuuliza kule juu tunashukaje. Wewe kama maji yenu hayakatiki, tundika taulo kwenye mti au chuma imara, ishike pande mbili, ning'inia. Pumzika. Rudia. Utaona tofauti kabla ya kuona bei ya glavu za pili.

Na kuna kitu ambacho kiganja kilichofunikwa hakikuambii: kwamba nguzo imeanza kulowa. Kiganja kitupu huhisi mapema, kikaomba taulo. Ndani ya glavu unahisi umeshika, umeshika, umeshika, halafu hujashika.

7. Yaliyobaki, haraka.

Pete zote zivuliwe, hata ya ndoa. Inakwaruza nguzo na inaweza kukuchubua kidole. Kucha za sentimita mbili ni zako, lakini ukishindwa kukunja ngumi usiniulize kwa nini. Kromu ikikukataa kabisa kwa jasho, jaribu ile ya shaba ya manjano, inashika vizuri zaidi kwenye joto letu. Mwenye ngozi inayowashwa na herini za bei rahisi aombe ya chuma cha pua, kwa sababu chini ya kromu kwa kawaida kuna nikeli. Glavu zifuliwe kwa mkono, sabuni kidogo, maji ya vuguvugu, zianikwe kivulini. Ukizifungia mbichi kwenye begi kutoka Jumamosi hadi Jumanne, sote tutajua umefika kabla hujabisha hodi.

Na andikeni majina. Kabatini kumebaki glavu mbili nyeusi, zote za mkono wa kushoto, saizi tofauti. Maana yake kuna watu wawili wanaofanya mazoezi mahali fulani na za kulia tupu, na hakuna aliyeniuliza.